Kayumba Alivyoacha Brosheti

Kayumba ni fundi wa nguo, anaishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Kila Ijumaa alikuwa akipeleka suti za wateja Kawale, mtaa wa Lilongwe, na akishazikabidhi alikaa kwa Aristote, Mkongomani anayechoma brosheti, mishikaki ya mbuzi, nyuma ya soko, akala nne. Alipoambiwa ana ugonjwa wa sukari, aliacha brosheti siku ileile. Hakulalamika. Ijumaa akawa anazunguka njia ya mbali ili moshi usimfikie.

Baada ya miezi miwili alipimwa tena kliniki. Mara ya kwanza sukari ilikuwa kumi na moja. Sasa ilikuwa kumi na tano.

Nesi alimuuliza kwa Kichewa anakula nini. Carelle, mkalimani, akafasiri.

"Asubuhi uji," Kayumba alisema. "Saa sita nsima. Jioni nsima tena, ao viazi vitamu. Na Fanta."

"Fanta ya nini?"

"Ya kunisaulisha hamu ya nyama."

Carelle alifasiri bila kucheka. Nesi akaandika.

"Nani alikukataza nyama?"

"Hakuna mutu. Mi mwenyewe."

"Juu ya nini?"

"Njo kitu nilikuwa napenda kupita bitu byote. Nikasema lazima njo iko inaniua."

Nesi aliweka kalamu chini. Akaeleza polepole kwamba si nyama iliyompandisha sukari, ni uji, Fanta na ule mlima wa ugali wa nsima. Nsima iwe kiasi cha ngumi. Mboga zijaze nusu ya sahani. Nyama isiwe na mafuta mengi wala isiungue. Vidonge asiviache. Fanta aiache.

Nyumbani alimweleza mkewe, Marie-Goretti. Miezi yote miwili naye hakugusa nyama, ili mumewe asijione peke yake.

"Nilikataa mbuzi kwa ndoa ya Izere," mkewe alisema. "Area 23, mbele ya bantu bote."

"Najua."

"Ilikuwa mbuzi muzuri."

"Nisamehe, Mama Gaju."

Ijumaa walikwenda Kawale pamoja. Aristote alisema alishaanza kumwombea Kayumba kama marehemu. Akachovya nyama kwenye sosi yake.

"Ngoja," Kayumba alisema. "Mule unatiaka nini?"

"Pilipili, tangawizi, na Fanta."

Kayumba akaomba ya chumvi, limau na kitunguu saumu tu. Aristote aliumia moyoni, lakini akachoma. Kayumba alikula brosheti mbili na kabichi nyingi, akitafuna taratibu. Marie-Goretti alikula nne, za sosi, bila kumtazama mtu.

Mwezi uliofuata sukari ilikuwa nane. Nesi alisema ni vizuri, aendelee hivyohivyo. Kayumba alimwomba Carelle amuulize kama Jumanne nayo inaweza kuhesabiwa kuwa Ijumaa. Carelle alikataa kufasiri.