Mti wa Kona ya Kulesa

Nilipoung'oa ule mti wa alama mtoni, tope lilitoa mlio wa jino linalong'olewa. Niliusogeza hatua ishirini, nikauchomeka penye fungu la mchanga, nikarudi shambani kungoja. Nilikuwa na hasira, wala sikuona haya.

Mti huo ulikuwa dhamana ya nyumba yetu. Kila mafuriko yakipungua, mto Tana hubadili njia, na sisi wenye shamba kwenye kona ya Kulesa ndio tuliokuwa tukisimika mti kuonyesha palipo na kina. Manahodha walituamini.

Mmoja wao alikuwa kaka yangu, Dhadho. Miaka sita aliendesha Neema, meli ndogo ya mizigo, akipanda na chumvi kutoka Kipini na kushuka na mpunga. Akifika kwetu alipunguza mwendo, mawimbi yasije yakabomoa kingo tulipopanda mpunga. Mwaka wa hamsini na nne serikali ikaichukua meli kwa kikosi cha akiba. Ikapakwa rangi ya kijivu, na bunduki kubwa ikafungwa palipokaa magunia. Dhadho akabaki kwenye usukani, kavaa kofia yao, akipita kwa kasi. Mara ya kwanza mto ulinilia mistari mitatu ya mpunga. Mara ya pili, nusu shamba.

Nilimfuata gatini Garsen.

"Dhadho, watoto watakula nini?"

"Amri si yangu, dada."

"Na usukani je, ni wa nani?"

Alitema mate majini. "Rudi nyumbani, Mwanaarusi."

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, ndivyo wasemavyo. Mimi hata pa kulima palikuwa pakiliwa na mto.

Basi asubuhi ile meli ikaja, ikisukuma maji mbele yake. Dhadho akautazama mti, kisha akanitazama mimi. Tulijifunza kuogelea kwenye fungu lile lile, yeye na mimi. Mti usingeweza kumdanganya.

Akazungusha usukani, akaufuata mti.

Meli ilipanda mchanga, ikalala ubavu. Ofisa akashuka akiuliza kwa ukali nani aliyesimika mti. Nikafungua kinywa, Dhadho akaniwahi.

"Mti uko sawa, bwana. Nimekosea mimi."

Walimfunga miaka mitatu. Mpunga uliobaki ulikubali sana msimu ule. Kikapu cha kwanza nilikipeleka gerezani, na askari wa lango akanirudishia kikiwa kimejaa vile vile.

"Kaka yako anasema wape watoto."