Malisho ya Ghorofa ya Pili

Jumatatu hiyo, saa nne asubuhi, Luciana alikuwa anakunywa chai ya rangi na chapati moja huku akijaza tamko la athari kwa mazingira la bamba la jiwe. Tamko lilikuwa na kurasa kumi na mbili, na zote zilihusu mita moja tu ya mraba ya jiwe la kupamba uso wa jengo: msumeno ulichoma dizeli kiasi gani, maji lita ngapi yalipoza meno yake, lori lilitembea kilomita ngapi kutoka Nyanungu hadi Tarime mjini, na jiwe lenyewe lingekaa ukutani miaka mingapi kabla ya kuchakaa. Wanunuzi wa siku hizi hawachukui jiwe bila karatasi hiyo. Wanataka kujua limeiumiza dunia kiasi gani kabla hawajalibandika, na Luciana, aliyesomea mambo hayo Morogoro akaletwa Tarime na ajira, ndiye aliyekuwa anawaambia.

Kipengele cha saba kiliuliza: kabla ya uchimbaji, ardhi ilikuwa na matumizi gani?

"Andika hakuna," alisema Abednego, meneja wake, bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Kilikuwa kilima tu."

Luciana alikuwa amefika kwenye kilima hicho mara moja. Alipima sehemu ya chini, penye mtaro, kwa saa nzima, mvua ikamkimbiza. Akaandika hakuna, akamalizia chapati.

Kwa kuwa kipengele kilisema hakuna, hapakuwa na mtu wa kuulizwa, na hakuulizwa mtu. Kilima kikakatwa mabamba ya sentimita tatu, yakapakiwa kwenye lori, yakashushwa karibu na stendi, kwenye jengo jipya la ghorofa tatu. Fundi wa kuyabandika alikuwa Mboje, Msukuma wa Bariadi aliyekuja Nyangoto kutafuta dhahabu. Alichimba miaka minne akaambulia kikohozi, kisha akahamia kwenye mawe ambayo, kama alivyokuwa anasema mwenyewe, angalau ukiyashika unajua umeshika kitu.

Mvua za Aprili zilipokolea, majani yakaota ukutani. Hayakuota kwenye maungio ya saruji, ambako fundi yeyote angeyategemea. Yaliota kwenye jiwe lenyewe, yakachomoza kuelekea barabarani kana kwamba barabara ndiyo mbingu yao.

Mboje akapiga simu ofisini. "Dada Luciana, ukuta umeota majani."

"Marefu kiasi gani?"

"Ya kufika goti. Ghorofa ya pili ndiyo yamestawi zaidi. Jana nimeyafyeka, leo yamerudi."

Luciana akauliza kama yanasukuma mabamba. Mboje akasema hapana, mabamba yameshika kuliko alivyoyafunga yeye.

Jumatano wakafika ng'ombe. Walikuwa kumi na mmoja, na nyuma yao mwanamke mmoja wa makamo aitwaye Christina, mjane wa Nyanungu, mwenye fimbo mkononi na ndala zilizofungwa kwa waya. Walikuwa wametembea siku mbili. Ng'ombe wa mbele, jike jeusi lenye pembe moja, alinusa bamba la chini, akaweka kwato ukutani, akapanda. Wenzake wakamfuata kwa mstari. Baada ya dakika chache wote walikuwa wanakula ghorofa ya pili, miguu yao ukutani na migongo yao imeelekea barabarani. Vijana wa bodaboda wakasogeza pikipiki zao kwa sababu ya mavi. Dada wa ofisi ya bima akafunga pazia, maana kulikuwa na ndama aliyekuwa anamtazama akifanya kazi.

Mgambo wawili wakaja na kitabu cha sheria ndogo. Mmoja akasoma kwa sauti kwamba ni marufuku kuchunga ng'ombe barabarani, sokoni, stendi na kwenye viwanja vya mpira. Akafunua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza.

"Ukutani hawajaandika," akamwambia mwenzake.

Wakaondoka.

Luciana alifika saa sita akiwa na daftari. Hakuja kuwafukuza. Alitaka kujua, na kutaka kujua huko kulikuwa kumemzuia kula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hawa ng'ombe wamejuaje njia ya hapa?"

"Kilima ni chao," Christina akajibu. "Tangu kiondoke wamekuwa wanasimama pembeni ya lile shimo, wanalia, hawali. Juzi wakageuka wakashika njia. Mimi nimewafuata tu. Nitafanyaje? Ndio hao nilio nao."

Kisha akasema anakwenda kumtazama ndama, akapanda ukuta. Alipanda kwa mwendo wa mtu aliyezoea mteremko wake, akijishikiza na fimbo, na kitenge chake kikabaki kimetulia miguuni. Luciana akasimama barabarani, shingo imepinda, akimuuliza maswali kwa sauti, na Christina akawa anamwonyesha kwa fimbo.

"Hapa chini ya dirisha kuna udongo wa chumvi. Umeona wanavyolamba? Hapo penye bomba ndipo ndama walipokuwa wanalala jua likiwa kali. Na kule juu, penye zile herufi za jina la jengo, marehemu mume wangu alikuwa anapenda kukaa."

"Akitazama nini?"

"Ng'ombe."

Luciana akaandika yote. Akauliza ni kaya ngapi zilikuwa zinachunga hapo. Christina akahesabu kwa vidole, akafika kumi na saba, akasema kuna nyingine moja lakini hawasalimiani nayo. Luciana akaiandika na hiyo.

Halafu akavua viatu, akamkabidhi Mboje, akaweka mguu ukutani. Ukuta ukampokea. Chini ya nyayo zake kulikuwa na udongo wenye unyevu na vijiwe vidogo, na majani yalimkwaruza vifundo vya miguu. Akapiga hatua sita, saba. Alipofika juu kidogo ya mlango mkubwa, mguu ukateleza. Palikuwa jiwe tupu, laini, lililong'arishwa. Akajaribu kushoto. Akajaribu kulia. Pote palikuwa hivyo hivyo.

Christina akamtazama kutoka juu. "Kwetu ulifika mpaka wapi?"

"Chini," Luciana akasema. "Penye mtaro."

"Basi ni hapo."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anamwelekeza tu, kama unavyomwelekeza mgeni mahali choo kilipo. Luciana akabaki pale juu ya mlango, ameshika majani kwa mikono miwili. Alijiona kama mtu aliyetia sahihi barua ya mwenzake bila kuisoma. Mboje, aliyekuwa chini ameshika viatu vya Luciana, akageuka akatazama upande wa stendi mpaka aliposhuka.

Kesho yake asubuhi Luciana akakiandika upya kipengele cha saba. Aliandika malisho ya kaya kumi na nane, udongo wa chumvi, mahali pa kulala ndama, mahali pa kukaa. Akaandika kwamba watu hawakuulizwa, na kwamba kilima cha Ringwani, ambacho kampuni ilikuwa inakiombea kibali kwa karatasi ileile, kisiguswe kwanza. Akampelekea Abednego akiwa amejiandaa kugombana.

Abednego akasoma hadi mwisho. "Tuma," akasema. "Nani anataka kusema uongo hapa?"

Baada ya wiki tatu akaja mhakiki wa matamko hayo kutoka Dar es Salaam, Huruma Odongo, mama mpole mwenye buti mpya na mizani ya kupimia majani. Alikaa siku mbili. Aliwahesabu ng'ombe wakipanda na wakishuka. Alipima kivuli, akapima joto ndani ya ofisi ya bima, akapiga picha sabini. Alizungumza na Christina kwa heshima, akamletea soda.

"Kwa hiyo, mama, ng'ombe wanapata malisho?"

"Wanapata."

"Yaleyale ya zamani?"

"Ni yaleyale," Christina akasema. "Ila ni mbali. Nimepanga chumba nyuma ya soko. Wanangu wako Nyanungu na bibi yao, nawaona Jumamosi. Na wenzangu ng'ombe wao walikuwa wamekonda, hawakuweza kutembea siku mbili."

Huruma alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya kuandika malisho. Nafasi ya Jumamosi haikuwamo, wala ya ng'ombe walioshindwa kutembea.

Majibu yalikuja kwa barua pepe. Kipengele cha saba kilisomeka sasa: matumizi ya awali, malisho, matumizi ya sasa, malisho, upotevu, hakuna. Zaidi ya hapo, kwa kuwa ukuta wenye majani hupoza jengo na kunyonya hewa chafu, jiwe lile lilipandishwa daraja. Abednego alichapisha barua hiyo kwa rangi akaitundika mapokezi. Kibali cha Ringwani kikatoka wiki iliyofuata, na safari hii wateja walikuwa wameshapanga foleni.

Luciana aliomba aende kupima mwenyewe. Akapanda kilima cha Ringwani kuanzia chini mpaka kileleni, siku nne, akiandika kila alichokiona: mashamba ya ulezi, njia za maji, mizinga ya nyuki, kaburi moja lenye msalaba wa mbao. Kipengele cha saba kikafika kurasa tisa. Alipompigia Abednego simu kumweleza, Abednego akafurahi.

"Jaza yote," akasema. "Usiache kitu. Yote yatahamia."

Siku ya nne jioni, kwenye shamba la juu kabisa, alimkuta mwanamke anapalilia. Aliitwa Matiko. Habari za Tarime alikuwa ameshazisikia, kama alivyokuwa amezisikia kila mtu Ringwani, na hakutaka kuelezwa tena. Wakasalimiana. Matiko akajiegemeza kwenye jembe.

"Ukuta wetu unajengwa wapi?"

Luciana akatazama karatasi. "Dodoma."

Matiko akatazama jua lililokuwa linashuka. Dodoma hakuwahi kufika. "Huo ukuta unatazama mashariki au magharibi?"

"Magharibi."

"Basi ulezi utachelewa," Matiko akasema, akang'oa gugu, akakung'uta udongo kwenye mizizi yake. "Na kwenye basi, jembe wanaruhusu?"

Luciana akasema wanaruhusu, ila mpini lazima utolewe.