Finjani ya Kocha Hamdan

Tuseme kweli mapema tusije tukachoshana: timu ya hoki ya barafu ya chuo kile cha Al Khuwair, Muscat, haikuwa mbaya. Timu mbaya hufungwa. Hii ilikuwa inachinjwa. Msimu ule wa mwaka 2003 ilicheza mechi sita na vyuo vya nchi jirani, ikapoteza zote, na katika zote hizo ilipata bao moja tu. Nalo ilipewa na beki wa wapinzani aliyejifunga huku akimpungia mama yake mkono.

Waliitwa Choroa, jina la yule mnyama wa jangwani anayesifiwa kwa kuishi bila maji. Aliyewabatiza hakukumbuka kwamba barafu nayo ni maji.

Kocha wao alikuwa Hamdan, mtu mzima wa heshima zake, tumbo mbele, kanzu imepigwa pasi ikanyooka. Alipewa kazi hiyo kwa sababu ujanani aliwahi kuishi Uswidi miaka miwili. Alikuwa akifanya nini huko, hakuna aliyemuuliza. Mkuu wa chuo, ambaye bila shaka ni binamu yake, alisema mtu aliyeishi kwenye theluji hawezi kukosa kuijua hoki, kama vile mtu aliyezaliwa Unguja hawezi kukosa kujua kuogelea. Mkuu huyo mwenyewe kazaliwa Unguja, na akienda ufukweni Qurum haingii maji yanayopita magoti.

Hamdan alifundishia kwenye benchi. Kila mechi alikuja na chupa yake kubwa ya kahawa, tende kwenye bakuli na vifinjani vyake, na wachezaji walipopumzika aliwamiminia mmoja mmoja kwa mkono wake. Kwenye barafu hakukanyaga. Alisema kocha akiingia uwanjani huwaondolea vijana kujiamini, na vijana walikubali, maana walikuwa wana adabu na kahawa ilikuwa nzuri.

Kila kipigo kilikuwa na mkosaji wake. Mechi ya kwanza mkosaji alikuwa barafu. "Barafu ya hapa ina utelezi," Hamdan alimwambia mkuu wa chuo, uso hauna hata chembe ya mzaha, na mkuu wa chuo akaandika. Ya pili ikawa unyevu wa hewa. Ya tatu waamuzi, ya nne magongo, ya tano kijicho cha watu. Ya sita ikamkuta hana tena kitu cha kulaumu kisichoweza kujitetea, basi akamshika mtu. Akamshika kipa.

Kipa alikuwa Wesley, kijana wa Kikenya aliyekulia Muscat, mama yake mhasibu wa hoteli. Hamdan ndiye aliyempanga golini, kwa hoja kwamba Kenya kuna mlima wenye theluji. Mlima wenyewe Wesley kauona kwenye noti tu. Lakini alijifunza peke yake, akisimama pale golini huku mabeki wake wakipita mbele yake wameanguka kwa matumbo, na kile kisahani kigumu kinachochezewa badala ya mpira kikimjia mbavuni, begani, shingoni. Kama si yeye, yale mabao kumi na manne ya mechi ya sita yangekuwa arubaini.

Sasa kocha alitangaza kwamba Wesley ameondolewa, na kwamba Jumatano, mbele ya chuo kizima ukumbini, jina lake litasomwa kuwa ndiye sababu ya kufungwa.

Habari hiyo ilimfikia Kheiria, aliyesimamia michezo pale chuoni. Kheiria ndiye aliyemwomba Wesley ajiunge na timu. Isitoshe, Kheiria ni mtoto wa kaka yake Hamdan, kwa hiyo kumwajibisha kocha ilikuwa kazi yake ofisini, na kumbusu mkono ilikuwa wajibu wake kila Ijumaa.

"Kutoka si shida, madam," Wesley alimwambia, akisimama mlangoni. "Nimechoka kugongwa. Shida ni hilo jina kusomwa. Mamangu huwa anaambia watu wote kazini vile mtoto wake ni kipa. Sasa atawaambia nini?"

Kheiria aliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Maana si kwamba hakuwahi kujaribu. Msimu ule alikwenda mara tatu nyumbani kwa ami yake, mtaa wa Mabela, amejipanga kumwambia wazi. Na mara zote tatu alipokewa na sinia ya halwa na kahawa ya iliki, akaulizwa hali, akala, akanywa, na mtu ukishakula halwa ya mtu kwenye zulia lake huwezi kufuta mdomo ukamwambia kazi huiwezi. Alirudi Al Khuwair mara tatu ameshiba, na Choroa wakaendelea kuchinjwa.

Jumatatu alasiri akaenda tena. Njia nzima alisema peke yake ndani ya gari kama mwendawazimu.

Nyumba ilikuwa mpya, rangi bado inanukia. Hamdan alimkaribisha majlisi, chumba cha wageni, kwa furaha. Mkewe, Bi Bakhita, akaleta sinia, akarudi nyuma ya pazia, mahali anapokaa asisikie anayoyasikia. Hamdan akamimina kahawa, akampa.

Kheiria akaipokea kwa mkono wa kulia, akaiweka chini kwenye zulia, asiinywe.

Hamdan akaitazama ile finjani. Pazia nalo likatulia.

Kila aliyelelewa katika nyumba ya Kiomani anajua maana yake. Mgeni akiiweka kahawa chini bila kuionja, kaja na haja nzito, na haonji mpaka mwenye nyumba aseme haja imekubaliwa. Wazee hufanya hivyo wakienda kuposa, au wakienda kuomba ugomvi wa damu uishe. Na mwenye nyumba akiiacha kahawa ya mgeni ipoe, habari yake itafika Nizwa kabla ya jua kuzama. Ila haijapata kusikika kwamba jambo hilo limefanywa na mtoto wa kike, peke yake, kwa ajili ya kipa.

"Kheiria," alisema Hamdan polepole. "Una haja?"

"Nna haja, ami. Nzito."

Uso wa Hamdan ukalainika. Kheiria alikuwa na miaka thelathini na moja, na ukoo mzima, kutoka Mabela hadi Unguja, ulikuwa na haja moja tu kwake. Machozi yakamlengalenga.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Kunywa. Lolote ulilolijia limekwisha, nimekubali. Baba yako muachie mimi. Mie si mtu wa kuuliza kabila wala mali. Kunywa."

Nyuma ya pazia Bi Bakhita akapiga kigelegele.

Kheiria akainua finjani, akainywa yote, akaitikisa kuonyesha kwamba imetosha.

"Haya, nambie," alisema Hamdan. "Nani?"

"Nani nini, ami?"

"Huyo mume."

"Hapana mume. Nnataka Wesley abaki golini, na jina lake lisisomwe Jumatano. Na nnataka usimame mbele ya timu, useme kufungwa kwetu ni kosa lako."

Kigelegele kilikatika. Hamdan alimtazama Kheiria, kisha akaitazama finjani iliyo tupu, kama mtu aliyenunua ng'ombe akagundua kashika kamba tu.

"Umenifanyia hila."

"Umekubali, ami. Na mama mkubwa kasikia."

"Mie sikusikia kitu," ilijibu sauti nyuma ya pazia.

Lakini neno lilikuwa limetoka, na Hamdan, pamoja na kasoro zake zote, hakuwa mtu wa kulimeza neno lililotoka majlisini kwake.

Jumanne wachezaji walikusanyika kwenye benchi la uwanja wa barafu. Hamdan alifika na chupa yake ya kahawa, akaiweka chini, akakohoa. Kheiria alisimama pembeni.

"Kosa ni langu," alianza. Wachezaji wakatazamana. "Kosa langu ni kwamba nimewaamini mno."

Kheiria akakohoa naye.

"Kosa langu," Hamdan alirudia, "ni kwamba nina moyo laini."

Kheiria akakohoa kikohozi cha kulazwa hospitali. Hamdan akaitazama barafu, na alipofungua tena mdomo sauti yake haikuwa ile ya hotuba.

"Mimi mchezo huu siujui," alisema. "Uswidi nilikuwa nikiosha vyombo mkahawani. Dirishani kwetu kulikuwa na uwanja, nikiwatazama watu wanavyocheza. Ndiyo yote niliyosoma. Viatu vile vya chuma sijapata kuvivaa maisha yangu."

Hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, na lilionekana usoni mwake.

"Mlijua?"

"Tulijua," alisema Hamoud, nahodha, akitazama sakafu. "Tangu mwaka juzi."

"Na hamkusema?"

Hamoud akaionyesha chupa kwa kidevu. "Tulikuwa tunakunywa kahawa yako, ami."

Kheiria alihisi neno lile limepigwa kwake moja kwa moja. Kwa msimu mzima alikuwa akiamini kwamba mkosaji ni mmoja, tena ana tumbo. Sasa alikumbuka sinia tatu za halwa, na kwamba alizikomba.

Hamdan hakupata la kufanya, basi akafanya analolijua. Akafungua chupa, akamimina finjani ya kwanza, na badala ya kumpa nahodha kama desturi yake, akampelekea Wesley.

Wesley akavua glovu, akaipokea kwa mkono wa kulia. Akainama, akaiweka chini kwenye mbao za benchi. Hakuinywa.

Kijana alikuwa amekulia Muscat, na kumbe macho yake hayakuwa yakitazama kisahani tu.

"Una haja, Wesley?" Hamdan aliuliza, na safari hii hakuharakisha kukubali.

"Ingia kwa barafu, kocha," alisema Wesley. "Mara moja tu. Nitakushika."

Moshi wa kahawa ulikuwa unapungua. Hamdan aliwatazama vijana wake, akamtazama mtoto wa kaka yake. Kheiria alikuwa anaweza kumwokoa kwa neno moja, akafunga mdomo.

"Kunywa," alisema Hamdan.

Wesley akanywa. Nahodha akamvisha Hamdan viatu, kanzu ikafungwa kiunoni, na kocha wa Choroa akapitishwa kwenye kile kilango kidogo, kamng'ang'ania kipa kama mtoto anayepelekwa kutahiriwa. Akapiga hatua. Akakaa kitako kwa kishindo, kofia ikaenda upande wake. Hakuna aliyecheka. Wesley akamwinua, akaanguka tena, akainuliwa tena, mpaka akafika golini akalishika lango kwa mikono miwili, anahema.

"Barafu hii," alisema Hamdan, "ina utelezi."

Na kwa mara ya kwanza alikuwa anajua anachokisema.