Mita Nne na Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na miwili Mama Kabedi alipanda mashua kila Jumanne kwenye ziwa la Nzilo, akajaza maji ya kupimwa kwenye chupa ndogondogo, akabandika karatasi za tarehe na kurudi nchi kavu, bila kulowana zaidi ya viganja. Kuogelea hakujua. Aliyemuuliza habari hiyo alijibiwa kwamba mchinja ng'ombe halazimiki kuota pembe.

Kazi ile aliipenda kupita kiasi. Ofisini, katika kampuni ya mgodi iliyomwajiri, kulikuwa na kompyuta, vumbi na wakubwa. Ziwani kulikuwa na upepo, ndege weupe, na Dodo, mwendesha mashua, ambaye alizungumza tangu gati mpaka gati. Basi barua ilipokuja kwamba kila anayefanya kazi mashuani lazima apumue chini ya maji dakika kumi mbele ya mwalimu, na kwamba atakayeshindwa atahamishiwa ofisini kuanzia Jumatatu, Mama Kabedi alikaa siku mbili bila hamu ya chakula. Angepewa kiti cha kuzunguka na dirisha linalotazama ukuta. Bora wangemstaafisha.

Jumamosi asubuhi alitoka kwake, mtaa wa Kapata, akaenda mjini Kolwezi, kwenye pisini, bwawa la kuogelea la hoteli moja, ambayo upande wake mmoja una kina cha mita nne. Dodo alikuwa ameshafaulu na nywele zake bado zilichuruzika maji. Kando yake alisimama mwalimu, akikagua chupa za hewa. Mwalimu akageuka. Alikuwa Gradi Mukalay, mume wa binti yake Shekina.

Alijua kwamba Gradi huzama kwenye mashimo yaliyojaa maji kukagua pampu za mgodi. Kwamba ndiye pia anayefundisha, hakuna aliyemwambia.

Msomaji wa mbali atauliza ubaya uko wapi. Baluba wa Kasai, watu wa Mama Kabedi, na Baluba wa Katanga, watu wa Gradi, wanaweza kubishana kutwa nzima juu ya nani alitangulia kufika Kolwezi, lakini hapa hawana ubishi: mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali sahani moja. Wakikutana njiani, kijana anaacha njia. Tangu harusi, miezi minane iliyopita, Mama Kabedi alikuwa ameona visigino vya Gradi mara nyingi kuliko uso wake. Adabu hiyo aliipenda. Ila kuna jambo lilimkera moyoni, nalo ni kwamba hakumjua. Binti yake wa pekee aliishi na mtu ambaye hajapata kusikika akikataa neno. Kila alichoagiza Mama Kabedi, jibu lilirudi kwa kinywa cha mwingine: ndiyo mama, sawa mama.

Gradi naye alimwona, na mara hiyo hiyo akampa mgongo.

"Dodo," alisema, akiutazama ukuta wa hoteli, "umuambie mama, kama anapenda, nitaita mwalimu mwingine wa Lubumbashi. Lakini atafika wiki inayokuya."

"Umuambie Jumatatu ni kesho kutwa," alisema Mama Kabedi, akiutazama ukuta wa upande wa pili.

Dodo, aliyesimama katikati, alifurahi kama mtu aliyepewa cheo.

Mama Kabedi akapewa nguo nyeusi ya mpira ya kuvaa. Chumbani alipambana nayo robo saa, na alipojitazama kwenye kioo akapiga kelele, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Eh, Mvidi Mukulu!" Nguo ile haikuficha kitu, ilitangaza tu. Apite mbele ya mkwe wake hivi, na watu wa Kapata wasikie? Akachukua kikwembe chake, kitenge cha maua mekundu, akakifunga kiunoni juu ya ile nguo ya mpira, akatoka kichwa juu.

Gradi alikiona kwa pembe ya jicho. "Dodo, umuambie mama, kikwembe haiko muzuri mu mayi."

"Umuambie, bila kikwembe mi siingie."

Kijana alijua la kusema, na kama angekuwa mtu mwingine yeyote angelisema. Lakini huyu alikuwa mama yake Shekina. Akanyamaza, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Masomo yakaendelea kwa njia ya Dodo.

"Umuambie asiache kupumua hata kidogo."

"Mama, usiache kupumua hata kidogo."

"Mi si kiziwi, nimesikia."

"Mwalimu, mama iko nasema amesikia."

Wakafika kwenye ishara. Kidole gumba na cha shahada vikikutana duara, ni swali: uko salama? Anayejibu naye anafanya duara hilo hilo. Masikio yakiuma, unabana pua na kupuliza taratibu. Dodo alieleza yote kwa madoido, akaongeza na mengine ambayo mwalimu hakuyasema. Kisha wale wawili wakashuka majini, na Dodo akabaki juu na saa yake. Chini ya maji hakuna mkalimani.

Pumzi ya kwanza ilimshangaza Mama Kabedi. Alitegemea kufa, na badala yake hewa ikaja, kavu na baridi, na mapovu yakamkwaruza mashavu yakielekea juu. Akavuta ya pili. Akabana pua, masikio yakafunguka. Walipogusa sakafu aliona vigae vya bluu, kifuniko cha bia, na jua likitetemeka juu kabisa. Alifurahi, tena alifurahi sana, akatamani kucheka ila kinywa kilikuwa na kazi.

Gradi akamfanyia duara. Mama Kabedi akajibu kwa heshima zote, akiuelekeza mkono kwenye ukuta. Gradi akauliza tena, akitazama bega lake. Ilikuwa hivyo: mwalimu anauliza bega, mwanafunzi anajibu ukuta.

Ndipo fundo la kikwembe likalegea. Nguo ikajaa maji, ikapanda kifuani, ikapanda shingoni, na ghafla dunia yote ikawa maua mekundu. Mama Kabedi akaipiga kwa mikono miwili, na mkono mmoja ukakwanyua bomba la hewa. Kipumulio kikamtoka mdomoni. Akaona maji yanaingia, akaona ofisi, akaona jeneza.

Mkono ukalivuta lile ua kubwa pembeni. Gradi alikuwa mbele yake, pua kwa pua. Akatoa kipumulio kilichokuwa kinywani mwake mwenyewe, akakiingiza kwenye kinywa cha mama mkwe wake, akabonyeza kitufe cha kusukuma maji nje, na hewa ikaja. Yeye akachukua kile cha akiba kilichoning'inia kifuani. Wakapanda polepole, amemshika mkono.

Juu, Mama Kabedi alikaa ukingoni akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Dodo akatazama saa.

"Dakika nne," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akachangamka. "Lakini si utasaini tu, mwalimu? Ni mama mukwe yako, hein! Nani atayua?"

Karatasi ilikuwa juu ya meza na kalamu ilikuwa kando yake. Moyoni Mama Kabedi alishajiona mashuani Jumanne. Atasaini. Huyu ni mtu wa ndiyo mama.

Gradi akageuka, asimtazame Dodo, wala ukuta, akamtazama mama mkwe wake.

"Mama, mi sisaini."

"Unasema?"

"Sisaini, mama. Kosa ni yangu. Kile kikwembe nilikiona, nikanyamaza juu ya heshima, na ile heshima ilitaka kukuua. Kama mashua inapinduka kule Nzilo, Shekina nitamuambia nini? Kwamba nilisaini juu ya haya?"

Mama Kabedi aliwaka. Mkwe amkatae, mbele ya watu, macho kwa macho! Akafikiria kikao cha ukoo, mbuzi wa fidia, wajomba wote wa Kasai kwenye mstari mmoja. Akafungua kinywa amshushie maneno, kisha akaona kwamba kijana, pamoja na hofu yake yote, hajarudi nyuma hata hatua. Nani mwingine angemwambia hivyo? Dodo asingeweza, wala wanawe wa kiume wawili.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nao ndio ulikuwa upungufu wake: alitaka kuyaoga bila kuvua. Akafungua kikwembe, akakikamua, akamtupia Dodo.

"Chunga hii, na uangalie ile saa muzuri," alisema. "Twende, Gradi."

Safari hii alimtazama. Ilibidi, na baada ya dakika mbili haikuwa tena lazima bali udadisi. Nyuma ya kioo cha maski ya kuzamia aliona macho makubwa ya kahawia, na kovu dogo juu ya nyusi ambalo Shekina hakuwahi kulitaja. Aliona pia kwamba yale macho yanaogopa kuliko yake. Gradi alihesabu kila povu lililomtoka mama yule. Kumbe ni kijana tu, wa miaka ishirini na tisa, aliyebeba mzigo mkubwa. Huruma ikamjaa Mama Kabedi. Akanyoosha mkono mbele, akakutanisha kidole gumba na cha shahada, akamuuliza yeye: uko salama? Gradi akashangaa, kisha akajibu duara, na mabega yake yakashuka.

Dodo alipopiga ngazi ya chuma kuwaita, zilikuwa zimepita dakika kumi na tatu.

Gradi akajipangusa mikono, akasaini. Kazi ilipokwisha alianza kugeuza uso kama ilivyo desturi.

"Gradi," alisema Mama Kabedi. "Ngoja kwanza."

"Mama."

"Miezi nane niko najiuliza mutoto yangu iko na nani mu nyumba. Ndiyo mama, ndiyo mama, kila siku. Mutu ya ndiyo tu, siku ya hatari utamushika wapi? Leo umeniambia hapana. Nimefurahi, mwanangu. Nimefurahi sana."

Gradi akainamisha kichwa. "Unisamehe, mama."

"Hapana," alisema Mama Kabedi akicheka, akaipokea karatasi mkononi mwa mkwe wake.