Mazishi ya Murugi wa Spika

Dada yangu Murugi aliniapisha akiwa hospitalini, wiki mbili kabla ya kufa. Alisema siku ya mazishi yake hatakosa kutokea mtu wa kutangaza kwamba sasa anatembea mbinguni. "Usimwache amalize," akaniambia. Nikaapa. Ahadi ni deni, na deni la marehemu halisameheki, maana mwenye kusamehe hayupo.

Polio ilimlemaza miguu, ikamkalisha akiwa na miaka mitatu. Kwa miaka arobaini na mitatu iliyofuata alisikiliza muziki kuliko mtu yeyote hapa Wamagana, Nyeri: rumba asubuhi, nyimbo za kantri za Wazungu wenye ng'ombe adhuhuri, mugithi, ngoma yetu ya treni, jioni. Mwishowe akanunua spika mbili na mashine ya kuchanganya sauti, akawa anakodishwa kwa harusi na mazishi kutoka Gatitu hadi Kenol. Alikuwa na sheria moja. Ukishika maikrofoni ukapita dakika tano, anafungulia muziki. Kwenye harusi moja huko Kenol alimzima mbunge katikati ya ahadi ya barabara. Mbunge akatazama huku na huku, akaona watu wote wanacheza, naye akacheza. Barabara haijajengwa hadi leo, lakini tusimlaumu, hakumaliza kuahidi.

Basi siku hiyo nilikaa mimi kwenye mashine, kidole juu ya kitufe, nimenuna tangu alfajiri. Nawajua watu wetu.

Kasisi alianza vizuri. Alimsifu Murugi kuwa Mkristo mtulivu, jambo ambalo lilikuwa nusu kweli, kwani utulivu hakuwa nao. Kisha akainua macho, akavuta pumzi. "Ndugu zangu, tusilie. Leo dada yetu ameacha hiyo kiti yake ya magurudumu, na sasa..."

Nikafungulia mugithi.

Sasa, mtu wa Nyeri akisikia mugithi hushika mabega ya aliye mbele yake, awe ni nani na awe wapi. Shangazi wawili wakashikana. Kwaya ikaunga nyuma yao. Kabla sijazima, treni ya watu sitini ilikuwa imelizunguka jeneza mara mbili, kasisi akiwa katikati, Biblia kwapani, akisukumwa na mwenyekiti wa chama cha akina mama. Nilijitia hamnazo. Nikamwambia binamu yetu Moffat, aliyekuwa akiendesha programu, kwamba nyaya zimeingia unyevu. Moffat akaipiga spika teke na kuomba radhi kwa niaba ya umeme.

Akaja mwalimu wa zamani wa Murugi, akagusia miguu mipya. Nikafungulia. Akaja jirani, akasema anamwona Murugi akirukaruka kwa malaika. Nikafungulia. Kufikia hapo waombolezaji walishazoea, wanasimama mikono imenyooshwa tayari kushika mabega.

Diwani wetu ni mjanja. Aliukataa mkono wa Moffat na maikrofoni yake, akasimama kimya mbele ya jeneza, akatoa vidole viwili na kuvitembeza hewani, polepole, hatua kwa hatua, mpaka juu mawinguni. Watu wakasema amina. Sikuwa na kitufe cha kuzima vidole. Niliona uchungu kwelikweli. Nilikuwa nimemwangusha dada yangu.

Ndipo Mama, Watiri, mwenye miaka themanini na mmoja, alipoomba kusema. Nikakirudisha kidole juu ya kitufe. Mama ndiye aliyembeba Murugi mgongoni kwenda kila mkutano wa maombi, akafunga, akakesha, ili miguu ile isimame. Kama yupo mwenye haki ya kulisema neno lile, ni yeye. Na mimi niliapa.

Alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili wateja wa Murugi waliotoka Meru wamwelewe.

"Mimi niko na swali moja tu. Nyinyi wote mnasema Murugi ako mbinguni anatembea. Mimi huyu mtoto nimemjua akiwa ameketi. Nikifika huko nipate watu wote wamesimama, nitamjua aje?"

Akamgeukia kasisi. Alitaka jibu. Hakuwa anahubiri, alikuwa anaogopa.

Moffat ndiye aliyejibu kwanza: aliketi pale pale kwenye nyasi zenye maji. Akafuata kasisi. Diwani akaketi na suti yake. Wabeba jeneza wakaketi, waimbaji wakaketi, wachimba kaburi wakaketi juu ya udongo, mpaka hapakuwa na mtu wa kumzika Murugi, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuinuka.

Mama akatupitia kwa macho polepole, mstari kwa mstari, kama anayemtafuta mtoto wake kati ya walioketi. Nikakiachia kitufe, nikalia kwa mara ya kwanza tangu dada yangu afe.