Mlango wa Upande wa Mama

Mama yangu aliingia kwenye gari letu kwa magoti. Alipitia mlango wa dereva, akavuka gia, kitambaa cha kichwa kikamtoka, na yote hayo mbele ya mkwe wake, ambaye alikuwa ameshika mlango na kutazama angani kwa adabu. Tulifanya hivyo mwaka mzima, tukacheka.

Kigari chetu kina milango miwili, na wa abiria uligoma. Ufunguo haukuzunguka, kitufe cha ndani hakikunyanyuka. Mume wangu aliwahi kulimiminia tundu la ufunguo mafuta yaliyobaki kwenye kikaango, akanawa mikono, akatoa hukumu.

"Gari halina ubovu. Lina tabia zake tu."

Kisha mama akapasuliwa nyonga. Daktari alituonya waziwazi: asijikunje, asivuke kitu.

"Tutamwinua taratibu, apitie upande wangu," mume wangu akasema.

"Apitie juu ya gia, na mishono?"

"Basi fundi aje wiki ijayo."

"Mama anatoka kesho!"

"Sasa mimi nifanyeje, mke wangu? Nijigeuze mlango?"

Akaenda zake kutazama mpira. Damu ilinichemka. Nilichukua bisibisi, matambara na mswaki, na sitasema ulikuwa mswaki wa nani.

Nilipuliza dawa ya kuyeyusha grisi kwenye tundu la ufunguo, nikaingiza ufunguo, nikauchomoa, nikaufuta. Kila mara ulitoka na tope jeusi linalonuka vitunguu vya kukaanga. Vumbi la mwaka mzima lilikuwa limenasa kwenye mafuta ya chakula chetu. Nikarudia mpaka ufunguo ukatoka safi, nikatia unga wa penseli kidogo, nikazungusha. Kitufe kikaruka. Mlango ukafunguka kwa mlio wa mtu aliyeamshwa vibaya.

Komeo la ubavuni nililisugua kwa mswaki, nikalipaka grisi kiasi, nikalijaribu kwa bisibisi kabla ya kufunga mlango. Nilimaliza mpira ukiwa bado haujaisha.

Nilidhani ningefurahi. Badala yake nilikaa chini kando ya gurudumu, hasira imenipanda upya, kubwa kuliko ile ya mwanzo. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa hii! Hata haikunitoa jasho. Mume wangu aliporudi sikumwambia neno.

Kesho yake, mlangoni pa hospitali, alikwenda moja kwa moja upande wake, akasukuma kiti nyuma.

"Karibu mama. Polepole, pitia huku."

Mimi nikazunguka, nikafungua ule mwingine. Mama alinitazama, akanikabidhi magongo, akaketi, akaingiza miguu yote miwili kwa pamoja kama alivyofundishwa.

"Mlango huu si ulikufa?"

"Ulikuwa na uchafu, mama."

"Uchafu tu?"

"Na mafuta ya kikaango."

Akaufunga. Akaufungua. Akaufunga tena na kuufungua, akisikiliza. Kisha akamgeukia mkwe wake, ambaye mama hakuwahi kumpandishia sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha.

"Baba, mwaka mzima ulikuwa unanitazama nikitambaa, kwa ajili ya kitu kidogo hiki?"

Mume wangu alikuwa ameshaingia na kushika usukani. Hakuwasha gari. Alinitazama mimi, nami nikasimama palepale nje, magongo mkononi, nikingoja kusikia atakachojibu.