Jina Lililozikwa Chaka

Wachuka binti Kinyua aligeuza shingo, na kwa kugeuza shingo tu akawa mtu wa filamu.

Alikuwa na miaka minane, gredi ya tatu katika shule moja ya Tetu, siku Dipti alipofika kutafuta mtoto. Dipti huyu ni binti wa Jashbhai, mwenye duka la vitambaa Nyeri mjini. Alilelewa juu ya duka hilo, na akizungumza Kikuyu huku umefumba macho utadhani ni mama wa kuuza viazi. Alikwenda kusomea kazi ya filamu, akarudi kuifanya kwao. Siku hiyo watoto arobaini walisimamishwa uwanjani wakitazama mlima, naye akapita nyuma yao akiwaita majina mmoja mmoja. Wengine waligeuka wakicheka. Wengine waligeuka wakiwa wameshatengeneza uso wa kupigwa picha. Wachuka aligeuka kama mtu aliyeitwa aje amtoe ndama kwenye chuchu za mamake: haraka, bila furaha na bila woga, akitaka tu kujua kuna nini.

"Huyu," Dipti akasema.

Tangu hapo huo ukawa ndio utaratibu wa kazi yao. Dipti hakumkaririsha mtoto maneno. Alimwachia jina lake mwenyewe ndani ya hadithi, akamwambia mwigizaji mwingine amwite, kamera ikangoja shingo igeuke.

"Ukimpa mtoto jina la kuazima," alizoea kusema, "atageuka akiwa amechelewa kidogo. Na kuchelewa huko skrini haisamehi."

Filamu ya kwanza ilimhusu mtoto anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Ilionyeshwa Nyeri, ikaenda Nairobi, ikavuka bahari, ikarudi na tuzo ya kioo. Baada ya filamu ya pili watu wa mji wa Chaka walianza kumsimamisha njiani wapigwe picha naye. Alikuwa na miaka kumi.

Ile tuzo ya kioo iliwekwa kabatini huko kwao Wamagana, kati ya Biblia na cheti cha ngumbaru cha Wachuka mwingine, yaani Cucu, nyanya yake, mama mzazi wa Kinyua.

Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza wa mwanamume hupewa jina la mama wa huyo mwanamume, na likija jina huja na mwenyewe. Kinyua alimwita mtoto wake Maitu, mama yangu, wala hakuwa anatania. Akimkanyaga kwa bahati mbaya alimwomba radhi kama anavyoombwa mzazi. Cucu naye alimwita mwenzangu. Mtoto alipoumwa na jino, Cucu aliacha sukari kwenye chai hadi jino lilipong'olewa. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye maneno machache. Kusoma alijifunza akiwa na miaka sitini, katika darasa la ngumbaru la kanisani, jioni baada ya kukamua. Neno la kwanza kuliandika lilikuwa jina lake. Mpaka leo husoma polepole, kidole kikitembea chini ya mstari, lakini neno lile hulijua kwa mbali, kama mtu anavyomjua ng'ombe wake kwenye mlima wa ng'ambo.

Katika filamu ya tatu, mtoto anakufa.

Dipti alikuja kumweleza Kinyua mwenyewe. Kinyua alikuna kidevu, akasema ni mchezo tu, hakuna neno. Alikusudia kumwambia mama yake. Alikusudia Jumatatu, akakusudia Alhamisi, na Jumamosi wakawa wamefika Chaka.

Filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Mazishi yalipigwa kwanza kwa sababu mwenye shamba walilokodi alitaka kupanda viazi. Mandhari na vifaa vya filamu vilikuwa mikononi mwa Gicheru, mchoraji wa mabango, ambaye nusu ya mabucha ya Chaka yana ng'ombe aliyechorwa na yeye. Alishika brashi akauliza, "Madam, hii msalaba niandike nani?"

Dipti alikuwa anabishana na mtu wa taa. "Andika jina lake."

Gicheru akaandika WACHUKA, herufi nyeusi juu ya rangi nyeupe, zilizonyooka kabisa. Kazi yake ilikuwa safi. Miongoni mwa akina mama walioajiriwa kulia alikuwamo mmoja wa makamo, Wangechi, aliyeutazama msalaba ule, akafunga kitambaa chake vizuri kichwani na kusema, "Hiyo jina iko na mwenyewe. Mimi silii hapa." Akaenda zake. Walidhani ametaka kwenda nyumbani mapema.

Dipti alimwinamia mtoto kwenye jeneza. "Kuwa kama maziwa yaliyolala," alimnong'oneza. "Yametulia kwenye ndoo, hakuna kitu kinayatikisa."

Wachuka akatulia. Alisikia wakilia, akasikia wimbo, akasikia kifuniko kikija na udongo ukigonga juu yake mara tatu. Alipoambiwa ainuke aliinuka, akapewa chapati na maharagwe, akala, akashukuru.

"Uliogopa?" Dipti aliuliza.

"Hapana."

Ilikuwa kweli. Hakuogopa, na pia hakusikia baridi, ingawa upepo wa nyanda za Kieni ulikuwa unawatoa wengine machozi. Ilikuwa kama siku ile daktari wa meno alipomdunga sindano: mdomo upo, ulimi upo, lakini ukijing'ata hujui. Alingoja ganzi hiyo itoke, haikutoka. Alikwenda nayo nyumbani.

Yeye hakumwambia mtu. Baba yake naye alikuwa na shughuli nyingine. Kazi ilipokwisha, Kinyua aliuona msalaba umelala kwenye nyasi: saiprasi nzuri, kavu, iliyopigwa randa pande zote. Kizuizi cha ndama kule nyumbani kilikuwa kimeoza tangu mvua za Aprili. Kinyua si mtu wa kuacha mbao nzuri inyeshewe. Aliomba, akapewa, akaubomoa, na ule ubao wa kukingama akaupigilia kwenye zizi, jina likielekea ndani. Upande wa ndama alikuwa akiingia mtoto peke yake. Basi Kinyua akaona mambo yamekaa sawa.

Jumatatu mtoto akaenda shule, ndama akalia, Cucu akaingia.

"Kinyua!"

Kinyua alikuja na kikombe cha chai mkononi. Mama yake alikuwa amesimama na ndoo.

"Soma hapa."

"Mama, hiyo ni mbao tu."

"Nimesema soma. Mimi ni wa ngumbaru, labda nimekosea."

Kinyua akasoma. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Imetoka wapi?"

"Chaka. Ilikuwa ya filamu. Ilikuwa msalaba."

Cucu alifikiri kidogo. "Nilizikwa lini?"

"Si wewe, Mama. Ni mtoto."

"Na mtoto ni nani?"

Chai ilikuwa inapoa mkononi mwa Kinyua. Cucu hakupaza sauti. Aliweka ndoo chini, akaingia nyumbani, na asubuhi hiyo ng'ombe akakamuliwa na mwanamume.

Tangu siku hiyo hakumwita mtoto Wachuka, wala hakumwita mwenzangu. Alimpikia, alimfulia sweta ya shule, alimpaka mafuta. Lakini alisema, "Huyo amekula?" Au, "Mwambie huyo gamboti zake za matope ziko mlangoni." Wiki moja, ya pili, ya tatu.

Mtoto alisikia. Alijua kwamba hapo palikuwa mahali pa kulia, kwa maana kwenye filamu angeambiwa alie. Alijifinya mkono akautazama ukigeuka mwekundu. Ndani palikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Jambo moja tu alilijua, kama mtu anavyojua ameacha mlango wazi: alitaka Cucu amwite. Alipokuwa akifagia uani alifagia karibu na dirisha la jikoni, mgongo ukiwa upande wa nyumba, akiwa amejiweka tayari. Hakuitwa.

Disemba, shule zilipofungwa, wakarudi Chaka kupiga sehemu ambazo mtoto bado yu hai. Ilikuwa kazi rahisi. Mtoto asimame sokoni penye viazi, Anita, aliyeigiza kama mama yake, amwite kutoka nyuma, ageuke.

"Ekshen!"

"Wachuka!"

Mtoto aliendelea kutazama viazi.

"Kata. Tena."

"Wachuka!"

Viazi.

Waliita mara kumi na moja. Anita alikauka koo, akaletewa maji. Wauzaji wakaanza kusaidia, soko zima likiita, "We Wachuka! Wachuka we!" Mbuzi aligeuka. Gicheru akasema, "Ama masikio iko na nta? Nilete kijiti?" Watu wakacheka, lakini Dipti hakucheka. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mtoto, kwenye matope ya soko.

"Hukusikia?"

"Nimesikia."

"Mbona hukugeuka?"

"Huyo alizikwa," mtoto akasema, kwa sauti ya kumwelekeza mtu njia. "Hata Cucu haniiti hivyo tena."

Dipti aliinua macho akamtazama Kinyua. Kinyua akatazama viatu vyake. Ilibidi aseme yote, akiwa ameketi juu ya kreti ya soda, watu wa kamera wakijifanya wanapangusa vioo.

"Mzee Kinyua, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Wewe ni wa hapa."

"Na mimi nilidhani kama kuna kitu ungesema. Wewe ndiye mwenyewe."

Alasiri hiyo hiyo walikwenda Wamagana. Dipti alibeba sukari, majani ya chai, na kitambaa kutoka dukani kwa baba yake. Cucu alimpokea vizuri, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akakipima kitambaa kwa vidole.

"Jashbhai anaendelea aje? Alinikatia nguo ya harusi ya huyu," akasema, akimwonyesha Kinyua kwa kidevu, "akaniongezea kipande bure. Sina kesi na wewe, msichana. Ulikosa kwa kutojua. Mwenye kujua ameketi hapo anatazama dari."

Kinyua akateremsha macho kutoka darini.

"Cucu, nitayafuta yale mazishi," Dipti alisema. "Hata ikibidi tuache filamu nzima, tutaacha."

Cucu alimgeukia mtoto aliyekuwa amesimama penye kabati. "Na huyo, anataka nini?"

"Nataka uniite."

Nje ndama alikuwa analia.

"Na filamu?"

"Naipenda," mtoto akasema. Akafikiri. "Nilikuwa naipenda. Sasa sisikii kitu."

Cucu alimtazama muda mrefu, kama anavyotazama ukurasa kabla hajaweka kidole. Kisha akasema, "Tulikuwa na jirani hapa, Wakonyo. Aliiba jembe langu, akaapa kanisani mbele ya watu kwamba hakuiba. Na jembe liko nyuma ya mlango wake, nimeliona! Alikufa bila mtoto, kwa hivyo hakuna mtu aliyepewa jina lake. Miaka thelathini hakuna aliyemwita. Mpeni mtoto jina hilo. Wakonyo mzikeni mnavyotaka, hata mara tatu. Hatauliza."

Kinyua akacheka, akakutana na jicho la mama yake, akaacha.

"Na labda atafurahi kuitwa," Cucu akaongeza, kwa upole kidogo. "Lakini mimi sitamwita huyu jina lolote mpaka yule wa Chaka atolewe kwenye kaburi lake. Mkimaliza, nitajua."

Kabla hawajaondoka alimtuma Kinyua alete randa. Ubao ulipigwa randa hadi herufi zikaisha, naye Cucu akapitisha kidole juu yake, mwanzo hadi mwisho, kuhakikisha hakuna neno lililobaki.

Dipti akayafuta yale mazishi, na filamu ikaanza upya. Wachuka akagundua kwamba tangu akiwa na miaka minane alikuwa hajafanya kazi. Alikuwa akiitwa tu na kuitikia. Sasa aliitwa Wakonyo na shingo yake haikuhusika. Iligeuka ikiwa imechelewa, pumzi nusu, na Dipti aliposema "Tena" hakuna aliyebisha. Gicheru alijitolea kumfundisha. Alimwita kote Chaka, kwenye bucha, penye kituo cha mafuta, akiwa juu ya ngazi.

"Wakonyo! Rudisha jembe ya wenyewe!"

Siku ya kwanza alichelewa. Siku ya pili aliwahi mno, akageuka kabla hajaitwa, ikawa vibaya zaidi. Siku ya tatu, sokoni penye viazi, Anita akaita na mtoto akageuka kama mtu mwenye jina hilo, mwenye jembe lisilo lake nyuma ya mlango. Dipti aliiacha kamera iendelee kidogo. Halafu akasema kata.

Walimzika Wakonyo Ijumaa, kando ya viazi vilivyokwisha kuota, chini ya msalaba mpya. Wangechi alirudi, akalia kuliko wote. Mtoto alilala ndani ya jeneza akahesabu hadi mia mbili, kwa sababu sasa alijua ni kazi, na akainuka. Ganzi ilikuwa bado ipo. Alikula chapati.

Alifika nyumbani saa kumi na moja, wakati wa kukamua. Alikuwa penye lango, mgongo ukiwa upande wa nyumba, amesimama kwa mguu mmoja akivuta gamboti.

"Wachuka!"

Shingo iligeuka. Haikumngoja. Cucu alikuwa mlangoni mwa zizi na ndoo.

"Njoo unishikie huyu, ananimalizia maziwa."

Mtoto alikwenda na gamboti moja, mguu mwingine mtupu. Ndama alikuwa amejibana chini ya mamake, mkaidi, pua imejaa povu. Wachuka alimkumbatia shingoni akamvuta. Ndama akavuta kwake, akarudi nyuma, akamkanyaga kidole cha mguu. Kwato ilikuwa ngumu. Maumivu yalipanda kutoka kidoleni hadi gotini, ya kweli, na machozi yakamjaa machoni kabla hajaambiwa.

"Uuwi!" akasema.

"Pole," akasema Cucu, akiketi kwenye kigoda chake cha kukamulia. "Pole sana, mwenzangu."